Tanga Mbili: Twende Mafia Lini?

Ninyi wa Maili Moja, Tumbi, Visiga na Mlandizi, na ninyi wa Kisarawe mjini, Msanga, Maneromango na Masaki, nawasalimu. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, yenye mihogo na mikorosho, si ile ya Dar es Salaam yenye mabalozi.

Jioni hii nina kesi ya kujitetea. Kina mama wa kikoba kimoja, nusu yao wako Kibaha na nusu Kisarawe, wamekuwa wakiweka fedha kidogo kidogo tangu mwaka jana ili waende Mafia. Hawaendi kazini wala msibani. Wanakwenda kutembea tu, waione bahari, wale pweza, warudi. Fedha imetimia, na tarehe wamekwisha kupanga: mwisho wa Juni kuelekea Sabasaba. Shule zimefungwa, mvua za masika zimekwisha, barabara imekauka, na korosho za kuokota bado ziko mbali. Mmoja wao akanipigia simu. "Kaka, wewe umewahi kuvuka. Tuambie tubebe nini." Nikamwambia, dada yangu, kabla ya kubeba chochote, hiyo tarehe yenu iondoeni kwanza. Tangu siku hiyo jina langu huko kikobani si zuri. Nimekuwa mtu aliyewavunjia safari.

Sasa nisikilizeni, kisha mnihukumu.

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tuna ajabu yetu. Mkoa wetu unaitwa Pwani, lakini sisi hatuna pwani. Bagamoyo wanayo, Mkuranga wanayo, Kibiti wanayo, na Mafia bahari imewazunguka pande zote. Wazee wa Kisarawe wataniambia kwamba zamani wilaya yao ilifika hadi Kisiju, kabla Mkuranga haijawa wilaya inayojitegemea, na majahazi ya Mafia yakishusha nazi pale. Ni kweli, lakini leo Mkisarawe akitaka kuona maji ya chumvi hana budi kupita wilaya ya watu. Hata hivyo makao makuu ya mkoa yako hapa Kibaha, kwa hiyo mtumishi wa Mafia akiitwa kikaoni, asipopata ndege, huvuka bahari kwanza ndipo atafute basi. Yeye anajua ninachotaka kusema. Sisi tunaomwita kikaoni ndio tusiojua.

Tena siku hizi tumepata mwalimu mwingine, simu ya mkononi. Ukifungua tu unaletewa visiwa vya Ugiriki, nyumba nyeupe, boti nyeupe, watu wamelala juani, na chini yake maneno kwamba msimu ni Julai na Agosti. Kijana wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, anaona hayo, anashika kwamba Julai ndio mwezi wa bahari. Kwa Mediterania ni sawa, kwa sababu Julai kwao ni kiangazi. Kwetu ni kipupwe. Jua lao linapokuwa kichwani, letu limeinama kaskazini, na upepo unatoka upande wa pili wa dunia kuja kutupiga. Na hata huko Ugiriki, waulize mabaharia wa visiwa vyao. Watakutajia meltemi, upepo wa kaskazini unaochafua Bahari ya Aegean katika miezi hiyohiyo ya Julai na Agosti. Picha huwa hazionyeshi upepo.

Basi tuanze na upepo wetu. Bahari hii ina wakubwa wawili. Kaskazi inaanza kushika mwezi wa Desemba na kuendelea hadi Machi, ikitoka upande wa Bara Hindi na Arabuni. Ndiyo iliyoleta majahazi na halua na mazulia. Kusi inaingia Aprili na kukaa hadi Septemba au Oktoba, na ndiyo iliyoyarudisha majahazi hayo kwao. Kusi ina nguvu kuliko kaskazi. Inakaza Juni, Julai na Agosti, yaani hasa wakati kina mama wangu walipotaka kuvuka. Wewe uliyeko kwenye vilima vya Kisarawe huhitaji kwenda ufukweni kuijua. Ukiona Julai unavuta blanketi la pili usiku, na kanga ulizoanika zinapigana kwenye kamba tangu saa nne asubuhi, hiyo ndiyo kusi. Hapo kwako imefika imechoka, imekwisha kupanda mlima na kupita msitu wa Pugu. Baharini haijachoka.

Mimi nilikutana nayo kwa ujinga wangu mwenyewe. Ilikuwa Juni, naenda harusini Kilindoni, Mafia. Nilipita Mbagala Rangi Tatu na Mkuranga, nikashuka Bungu nikanywa chai na chapati mbili, nikaingia Nyamisati. Pale bandarini ni mtoni, ndani ya delta ya Rufiji, mikoko pande zote, maji yametulia kama ya kwenye karai. Nikasema moyoni, hawa wanaoogopa bahari wana lao jambo. Chombo kilikuwa kiondoke asubuhi. Tukangoja abiria, tukangoja mizigo, tukaondoka saa saba mchana.

Hadi tunamaliza mikoko nilikuwa bado napiga picha. Tulipotoka mdomoni mwa mto, maji yalikuwa yanakupwa, yaani mto na bahari vyote vinatoka kwenda nje kwa kasi, na kusi inakuja ndani kifua kwa kifua. Maji yakienda huku na upepo ukija kule, mawimbi hayawi marefu ya kubembea. Yanakuwa mafupi, yamesimama wima, yanagonga. Chapati zangu za Bungu sikuzifikisha. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alijifunika kanga uso mzima, akawa anasoma dua, na kila chombo kikidondoka alikuwa akilishika shati langu. Tulikaa hivyo zaidi ya saa nne.

Nyuma kabisa, karibu na usukani, alikaa mzee wa Jibondo. Jibondo ni kile kisiwa kidogo upande wa kusini wa Mafia, wenyeji wake ni wavuvi na mafundi wa kuunda vyombo. Yeye alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Tulipofika akaniuliza, "Mwanangu, mbona umekuja na kusi?" Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba kwao ndivyo watu wanavyoulizana. Sisi twasema fulani alikuja mwezi wa sita. Wao husema alikuja na kusi, au alikuja na kaskazi. Tarehe ya safari kwao ni upepo.

Wasikilizaji wangu wanaosoma Biblia wanaijua kesi kama hii, tena iliyotokea Mediterania yenyewe. Iko katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo ni mfungwa anapelekwa Roma, wamefika kisiwa cha Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri. Siku za mfungo zimepita, maana yake ni karibu Septemba au Oktoba, na mabaharia wa zamani wa bahari ile walikuwa wakifunga vyombo kungoja majira ya baridi yapite. Paulo akawaambia wasiondoke. Akida aliyemlinda akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, kwa sababu ile bandari haikuwa nzuri ya kukaa miezi yote ile. Kukavuma upepo mwanana wa kusini, wakaona mambo yamenyooka. Kisha ikawashukia tufani iitwayo Eurakilo, wakapelekwa huku na huku siku 14, chombo kikavunjika Melita, tunayoiita leo Malta. Walikuwa watu 276 na wote wakaokoka, wakakaa kisiwani miezi mitatu wakingoja majira yageuke. Mimi hapo huwa namtazama zaidi yule akida. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ratiba tu.

Ratiba ndiyo adui wetu mkubwa. Likizo ya Juni, Sabasaba, Nanenane, zote zinaangukia katikati ya kusi. Hakuna aliyezipanga kwa ajili ya bahari, na sikulaumu.

Kuna watakaoniambia, basi tuivute nyuma, twende Aprili au Mei kabla kusi haijakaza. Hapana, na hapa nasema hapana kwa sauti. Si kwa sababu ya mvua peke yake, ingawa masika nayo si mchezo. Waulizeni wa Rufiji na Kibiti kuhusu mafuriko ya Aprili 2024. Nasema hapana kwa sababu ya vimbunga. Watu hupenda kusema pwani yetu haina vimbunga. Kweli ni vichache mno, kwa kuwa vingi vinavyozaliwa kusini mwa ikweta hukata kwenda Madagaska na Msumbiji. Lakini hesabu vile vilivyotufikia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikang'oa mikarafuu na kuharibu vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Aprili 1952 kikaipiga Lindi. Aprili 2021 kikaja kile kilichoitwa Jobo, kikatutia hofu Mafia na Dar es Salaam, kwa bahati kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 4 mwaka 2024 kikaja Hidaya, na hicho kilipita Mafia kwenyewe, kisha mvua zake zikakata barabara ya Lindi pale Somanga. Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Hoteli nyingi ndogo za Mafia hufunga milango miezi hiyo, na wenyewe ndio wanaohitaji wageni kuliko mtu yeyote.

Sasa nije kwenye jibu. Wazee wa bahari wana neno zuri sana, tanga mbili. Ni ule wakati kusi imekwisha choka na kaskazi haijafika, upepo hauna mwenyewe, na chombo kinaweza kutweka tanga kwenda huku au kurudi kule. Asubuhi unapata upepo mwepesi wa umande kutoka bara, mchana matlai kutoka mashariki, usiku bahari imelala. Kuna tanga mbili ya Aprili pia, lakini hiyo nimekwisha kuwaambia ina nini ndani yake. Ninayoisemea ni ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba.

Na msidhani hesabu hii ni ya vitabu. Kuna kalenda ya jua ya Waswahili inayoanza siku ya Mwaka, ile Nairuzi inayosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Kutoka hapo mabaharia na wakulima walihesabu siku kwa makumi, kila kumi wakaiita mwongo. Haikufuata mwezi mwandamo kwa sababu mwezi haujui upepo. Ukihesabu siku mia kutoka Mwaka wa Julai unaangukia mwisho wa Oktoba. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa vidole ukiwa Mlandizi, utafika kulekule alikofika baharia asiye na kalenda ya ukutani. Na kama kuhesabu ni kazi, tazama mwembe wa jirani. Embe za kwanza zikianza kuiva, bahari imetulia.

Novemba ina zawadi nyingine. Papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kufika mita 12, na hali mtu. Anachuja vidagaa na viumbe vidogo vya majini. Kuanzia Oktoba hadi Februari anasogea karibu kabisa na Kilindoni, ukitoka na mashua ya mwenyeji unamkuta anatembea polepole kama basi linalotafuta abiria. Zamani watu walidhani anahama kusi ikianza. Watafiti walipowafunga vifaa vya kuwafuatilia wakakuta wengi wapo Mafia mwaka mzima, ila wakati wa kusi wanajisogeza mbali na ufukwe. Hata yeye ana akili ya kukaa pembeni.

Nisiwe mbaguzi, kusi nayo ina vyake. Kasa wachanga kwenye fukwe za kisiwa cha Juani hutoka mayaini zaidi kati ya Juni na Septemba, na Agosti hadi Oktoba nyangumi hupita. Anayepanda ndege hadi Kilindoni, akakaa upande wa ghuba ya Chole uliojikinga, atafurahi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, haifungi mlango kwa sababu ya kusi. Lakini kina mama wangu hawana nauli ya ndege. (Na wa Kisarawe msichanganye: Chole Samvula yenu mnaifikia kwa bodaboda, Chole ya Mafia ina magofu na popo wakubwa, na bodaboda haifiki.)

Februari hadi katikati ya Machi ni chaguo la pili. Joto ni kali, maji ni safi, kaskazi inaanza kulegea. Januari sina hakika nayo sana, kwani kaskazi ikikaza nayo hutikisa. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya siwashauri hata kidogo, si kwa upepo, kwa watu. Kila Mmafia aliyeko Dar es Salaam anarudi kwao na mfuko wa mchele, na chombo kinajaa hadi mlangoni.

Baada ya mwezi, chagueni siku. Mediterania maji karibu hayapandi wala hayashuki, kwa hiyo wao wakimaliza kuuliza hali ya hewa wamemaliza. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ikichelewa siku moja au mbili. Upande huu wa Dar es Salaam siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa saa nne asubuhi, kisha kila siku saa hizo zinasogea mbele karibu dakika 50. Wiki moja baadaye yanakuwa maji mafu, yanayocheza kidogo, na hujaa asubuhi kama saa nne. Mtoni Nyamisati maji yana saa zake, mtamuuliza mwenyeji. Lakini kwa watu wa bara wanaovuka mara ya kwanza, nawashauri waende na maji mafu, waondoke asubuhi na mapema. Mwezi huo unaonekana Pugu kama unavyoonekana Kilindoni, hauna kiingilio.

Wenye mazoea ya safari ya Idi niwakumbushe jambo moja. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, upepo haurudi nyuma. Idi el Fitri sasa imetoka Aprili imeingia Machi, inaelekea Februari. Hiyo inazidi kuwa nzuri kwa safari. Idi el Haji inashuka kutoka Juni kwenda Mei, na kabla mwongo huu wa miaka haujaisha itakuwa Aprili. Mliozoea kwenda kisiwani Idi kubwa, badilisheni Idi.

Kisha, msikilizaji, kuna jambo ambalo hakuna mwezi unaolirekebisha. Usiku wa kuamkia Septemba 10 mwaka 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikaua mamia. Ilikuwa feri iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967, ikamaliza maisha yake kwenye mkondo wa Nungwi. Kusi ilikuwa inakwisha, bahari haikuwa na tufani. Ilikuwa imejaa watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Julai 18, MV Skagit, iliyowahi kuwa feri ya abiria jimbo la Washington huko Marekani, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na siku hiyo upepo na mawimbi vilikuwa vikali. Moja iliponzwa na mzigo, nyingine ilikutana na kusi. Ndiyo maana nawaambia kina mama: hesabuni maboya ya kuvaa kabla ya kuhesabu viti. Mkiona watu wamezidi, teremkeni, hata kama nauli imelipwa.

Na siku mbili kabla sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hilo si tangazo la wavuvi peke yao. Nahodha akisema leo haendi, msianze kumpigia simu mjumbe wala diwani. Mpikieni chai, mlale Nyamisati, muondoke kesho. Wekeni siku mbili za ziada kwenye safari, na fedha ya siku hizo iwe imo bajetini tangu mwanzo, si ya kukopana pale bandarini.

Wale wa vikoba vingine ambao fedha haijatosha, au mnaogopa saa nne za maji, mnaweza kuanza na kisiwa cha Mbudya, karibu na Dar es Salaam. Mnashuka Barabara ya Morogoro hadi mjini, mnakwenda Kunduchi, na boti hata nusu saa haifiki. Mbudya na kisiwa cha Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, samaki wanachomwa palepale. Sheria ya upepo ni ileile, ila hata ukikosea, unarudi kulala Kibaha.

Nimemaliza utetezi wangu. Mama mwenyekiti, najua unanisikiliza, redio yako huwa haizimwi kabla ya taarifa ya habari. Shule zitakuwa zimefunguliwa Novemba, najua, na watoto mtawaachia bibi zao siku tano. Nawaomba mkae kikao kingine, mtafute siku ya kuondoka wiki moja hivi baada ya mwezi mpevu wa Novemba, na mniambie Alhamisi mmeamua nini. Tangawizi ya kutafuna njiani nitaleta mimi.